Zabuni ambayo sijawahi kuijaza

Mimi nina steshenari. Ukisikia hivyo unawaza kopi, madaftari na picha za pasipoti, na kweli vyote vipo. Lakini tangu ununuzi wa serikali uhamie kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST mwaka 2023, sehemu kubwa ya riziki yangu hapa Newala inatokana na kuwajazia watu zabuni. Vikundi vya akina mama vinakuja na cheti cha usajili kilichofungwa kwenye pindo la kanga, namba ya mlipa kodi, na simu ya mwenyekiti ambayo lazima iwe na chaji, maana ndiyo itakayopokea namba ya uthibitisho. Nimeshajaza za usafi wa soko, za ulinzi wa stendi, za kufyeka kando ya barabara, za kushona sare, za chakula cha vikao. Nimejaza hata ya kuwafukuza popo kwenye dari la ofisi.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba halmashauri haijui kununua huduma. Inajua. Inanunua jasho la watu kila mwezi, inalipima, inalisainia. Ila katika zabuni zote zilizopita mezani kwangu, sijaona hata moja inayotafuta mtu wa kumpokea zamu mwanamke anayemuuguza mzee wake nyumbani.

Nalisema hili kwa sababu lipo kwetu. Mama yetu yuko kijijini, Tandahimba. Kiharusi kilimlaza upande mmoja, na anayemuuguza ni dada yangu mkubwa. Sisi wengine tumetawanyika, mmoja Masasi, mmoja Dar es Salaam, mimi hapa, na kila mmoja anatuma alichonacho. Huku kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na mtoto wa kike kujenga karibu na mama yake ni jambo la kawaida kabisa, kwa hiyo hakuna kikao kilichokaa kuamua nani abaki. Dada alikuwepo, basi akabaki.

Watu wasiouguza hudhani kazi yenyewe ni kulisha na kuogesha. Hizo ni sehemu ndogo. Mtu aliyelala upande mmoja anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya mgongo na ya nyonga inaanza kuchubuka, na kidonda cha kulalia kikishafunguka kukifunga ni kazi ya miezi. Kugeuza mtu mzima asiyeweza kujisaidia kunataka watu wawili. Dada anafanya peke yake, anamvuta kwa shuka. Kisha kuna kufua, maana pampasi za wakubwa ni ghali na dukani kijijini hazipo, kwa hiyo ni vitambaa vya kanga kuukuu vinavyofuliwa mara tatu nne kwa siku. Na kufua kunataka maji. Wanaoijua nyanda ya Makonde wanajua ninachosema: juu huku hakuna mto. Maji ya bomba yanasukumwa kutoka chanzo cha Mitema kule bondeni, yakifika yamefika, yasipofika unarudi kwenye kisima cha uani ulichokivunia mvua. Ikifika Oktoba kisima hicho ni tope. Dumu la lita 20 linanunuliwa kwa anayelileta na baiskeli au pikipiki, na nyumba yenye mgonjwa wa kitandani inamaliza kwa siku moja madumu ambayo nyumba nyingine zingeyatumia kwa siku mbili.

Halafu kliniki ya presha. Matibabu ya mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ni bure, kitambulisho kipo, na kituoni kuna kibao kinachosema mzee apishwe kwanza. Nashukuru kwa kibao hicho, sina kejeli. Lakini kibao kiko dirishani, na mama yuko kitandani. Kutoka kitandani hadi dirishani ni bodaboda ya watu watatu, dereva mbele, mama katikati, dada nyuma akimshikilia kwa kanga. Na dawa zikiwa zimeisha, msamaha unabaki kwenye karatasi, unaelekea duka la dawa.

Yote hayo dada angeyamudu, anasema mwenyewe, kama si msimu.

Korosho huanza kudondoka kama Septemba, na Oktoba hadi Desemba ndiyo kazi yenyewe. Korosho haisubiri. Inatakiwa iokotwe mapema, itenganishwe na bibo, yaani tunda lake, ianikwe, ichambuliwe, ndipo iende chama cha msingi cha ushirika ikasubiri mnada. Ikilala chini ikanyeshewa na mvua za kwanza inabadilika rangi, daraja linashuka, na bei inashuka nalo. Mashamba yetu hayako nyuma ya nyumba. Dada akienda shamba mama anabaki na mjukuu wa miaka tisa ambaye alitakiwa awe shuleni. Akibaki na mama, korosho wanaokota wengine, na sisemi kwa kuwasingizia majirani, nasema kwa sababu kila mtu hapa anajua shamba lisilo na mwenyewe mwezi wa kumi linavyokuwa.

Na kuna balaa la tatu linaloitwa kangomba. Mnunuzi anakuja na kipimo chake kabla ya minada kufunguliwa, anakupa pesa mkononi leo kwa bei ya kutupa, korosho ikiiva ni yake. Serikali inaikataza na ina haki ya kuikataza. Lakini nani anauza kangomba? Si mwenye nguvu za kusubiri mnada na malipo ya chama. Ni yule ambaye dawa zimeisha mwezi wa nane. Ukizihesabu nyumba zinazouza kangomba kijijini kwetu utakuta mgonjwa wa kitandani ndani ya nyingi kati ya hizo. Huo ni uchumi wa mkoa kabisa, wala si habari ya huruma.

Sasa serikali ina nini kwa mtu kama dada? Nimejaribu kuipitia. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo taasisi ya msingi ya kumtunza mzee, na makao ya kulelea wazee yanakuja mwishoni kabisa, kwa asiye na mtu. Nakubaliana nayo. Ila ukishaikabidhi familia mzigo, ungetarajia sentensi inayofuata iseme familia itasaidiwaje kuubeba. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, inasaidia kaya maskini, na kaya kadhaa za wazee ninazozijua zinakula kwa sababu ya pesa hizo. Zanzibar walianzisha pensheni jamii Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, wakaanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwanzoni mwa 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Yote mazuri. Lakini pesa haimgeuzi mgonjwa, na mhudumu wa afya anapita, anaelekeza, anaandika rufaa, anaenda nyumba nyingine. Hakuna anayekaa. Dada anachokosa ni mtu wa kukaa na mama kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana ili yeye awe shambani, au, na hili tuliseme wazi, awe amelala.

Kuna kichekesho kimoja kwenye sheria ambacho mimi kwa kazi yangu nakiona kila wiki. Kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile iliyosimamishwa 2023 ikarejea 2024, mgawo ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawamo, na mabaraza ya wazee yamelilalamikia hilo miaka nenda rudi. Kwenye ununuzi wa umma, hata hivyo, wamo: sheria inaitaka taasisi ya umma itenge asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Soma tena uone. Mzee anatambuliwa kama mzabuni. Mama yangu, kama angeweza kushika kalamu, angeweza kuiuzia halmashauri mifagio. Kama mtu wa kununuliwa huduma hayumo, na anayemuuguza hayumo popote.

Lakini asilimia 30 hiyo hiyo ndiyo mlango. Halmashauri inatafuta kila mwaka huduma ndogo ndogo za kuwapa vikundi, na mara nyingi inaishia kwenye usafi na chakula kwa sababu ndivyo vilivyozoeleka. Vikundi vyenye watu waliowahi kuuguza vipo tele. Nyumba ambazo mzee amelala ndani mtendaji wa kijiji anazijua kwa majina. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika huduma hiyo kwenye mpango wa ununuzi.

Si jambo la kubuni kichwani mwangu. Marekani wana sheria ya wazee ya mwaka 1965, na mwaka 2000 wakaiongezea mpango wa taifa wa kuwasaidia wanafamilia wanaouguza wazee. Umri wa mzee kwenye sheria yao ni 60, kama kwenye sera yetu. Fedha zinatoka serikali kuu, zinapita majimboni, zinafika kwenye wakala wa wazee wa eneo, nao wako zaidi ya 600 nchi nzima, wengine wakiwa chini ya serikali za mitaa. Kinachonivutia kama mtu wa zabuni ni kwamba wakala hao kwa kawaida hawatakiwi kutoa huduma wenyewe. Wanatangaza, watoa huduma wa eneo hilo wanaomba, wanasaini mkataba. Na vinavyonunuliwa vimetajwa: taarifa kwa anayeuguza, msaada wa kuzifikia huduma, ushauri na mafunzo, kumpumzisha anayeuguza, na kwa kiasi kidogo vifaa vya nyongeza. Wana utajiri wao na matatizo yao, foleni zikiwemo, na siwezi kubeba mfumo wa watu wenye kodi za namna ile nikautua Tandahimba. Nabeba wazo moja tu, kwamba mapumziko ya anayeuguza ni huduma inayoweza kuandikwa kwenye mkataba na kukaguliwa.

Kuiandika ndiyo kazi. Nimekaa jioni kadhaa nikijaribu, kwa mazoea ya nyaraka ninazozijaza, na naweza kusema wapi itaharibika.

Itaharibika kwanza kwenye kipimo. Ukiandika "kutoa msaada kwa walezi wa wazee", utaletewa semina. Najua nitaletewa semina. Ukumbi, maji ya chupa, fulana, posho ya mgeni rasmi, picha ya pamoja, na dada atakuwa ameombwa amwache mama aje asikilize jinsi ya kutomwacha mama. Kipimo lazima kiwe saa. Saa moja ya mtu aliyefunzwa, ndani ya nyumba ya mgonjwa, anayeuguza akiwa huru kuondoka. Mafunzo yawepo, ndiyo, ila ya wahudumu wa kikundi, yatolewe na muuguzi wa zahanati: kugeuza, kuogesha kitandani, kulisha mtu ambaye koo limelegea, kutambua kidonda kinachoanza, na kutambua ugonjwa wa kusahau kabla mtaa haujaanza kumwita bibi wa watu mchawi.

Pili, saini. Kwenye usafi wa soko anayethibitisha kazi ni afisa, anaona soko limefagiliwa. Hapa afisa hayupo. Anayethibitisha lazima awe yule aliyepokewa zamu, kwa saini au dole gumba kwenye daftari linalobaki nyumbani kwake, si linalobaki kwa mwenyekiti wa kikundi. Afisa ustawi wa jamii wa kata apitie nyumba chache bila kumtaarifu mtu. Hapo kamati ya mapokezi ya kazi ina kitu cha kupokea.

Tatu, bei ya chini. Zabuni zetu zimezoea kumpa mwenye bei ndogo aliyekidhi vigezo. Kwa popo wa darini sawa. Kwa mtu wa kumshika mama yangu, hapana: bei iwekwe wazi na halmashauri, vikundi vishindane kwa watu wao, nani wanamjua, nani wameshawahi kuuguza, kijiji kinasemaje.

Nne ni jambo ambalo mtaalamu wa ununuzi aliyekulia mbali hawezi kuliwaza. Zabuni za makundi maalum zinapangwa kwa aina ya kikundi, na vikundi vingi vilivyo hai huku ni vya wanawake. Sasa nani atamwogesha babu? Mkwe hamwogeshi mkwe, hilo halina mjadala, na mwanamke wa nje kuingia chumbani kwa mzee wa kiume kuna nyumba litakubalika na nyumba litakataliwa mlangoni. Basi mkataba ugawanywe mafungu mawili, kikundi cha akina mama na kikundi cha vijana wa kiume, wafanye kazi kijiji kimoja. Vijana watacheka mwanzoni. Watacheka mpaka waone malipo.

Shangazi yangu hakucheka. Nilipomweleza aliuliza, "Mwanangu, yaani mtu alipwe na halmashauri aje kumfungua kanga mama yako? Nasi tutaitwaje?" Diwani mmoja niliyezungumza naye alilisema kwa lugha ya kikao, kwamba kumtunza mzazi ni wajibu wa mtoto na halmashauri haiwezi kununua wajibu. Ninawaheshimu wote wawili, na kwa shangazi sikubishana, nilimwambia shikamoo upya nikanyamaza. Ila diwani nilimjibu. Kufagia mbele ya kibanda chako sokoni nako ni wajibu, na bado halmashauri inalipa wafagiaji, kwa sababu inajua wajibu usiposhikwa mkono taka zinashinda. Hakuna anayemtoa dada kwenye wajibu wake. Usiku wote ni wake, Jumapili ni yake. Tunazungumzia asubuhi mbili kwa wiki.

Na fedha? Afisa mmoja aliniambia kwa upole, "Dada, hakuna kasma." Kweli, fungu hilo la bajeti halipo. Kasma haiwezi kuwepo kwa kitu ambacho hakijawahi kuombwa kwenye mkutano wa kijiji, kikapanda kwenye kata, kikaingia kwenye bajeti kabla ya Julai. Lakini fedha yenyewe, tazama inavyoingia. Halmashauri za huku zinaishi kwa ushuru wa korosho, asilimia 3 ya bei ya mkulima, na ushuru huo unaanza kuonekana minada ikifunguliwa Oktoba. Ndiyo maana vikundi vya usafi vinateseka katikati ya mwaka: halmashauri moja, sitaitaja, ilikaa na ankara ya wateja wangu kuanzia Juni hadi msimu ulipofunguka. Mkataba wa zamu za wanaouguza ungekuwa na bahati kuliko yote. Miezi ambayo dada anahitajika shambani ndiyo hiyo hiyo ambayo akaunti ya halmashauri ina kitu.

Nikapiga hesabu ya kijiji kimoja, kaya 20 zenye mzee asiyejiweza. Kila kaya ipate zamu mbili za saa nne kwa wiki. Saa moja shilingi 2,000, mhudumu achukue 1,500, kikundi kibaki na 500 kwa ajili ya sabuni, glavu na kodi. Hiyo ni 320,000 kwa wiki. Kwa wiki 16, Oktoba hadi Januari, ni 5,120,000. Tuseme korosho imeuzwa 3,000 kwa kilo: tani moja inaipa halmashauri 90,000 za ushuru. Kijiji kizima kinahudumiwa msimu mzima kwa ushuru wa tani 57, yaani mzigo wa malori mawili makubwa. Malori yanayopita hapa mbele ya duka langu kwenda bandarini Mtwara, kuna siku huyahesabu mpaka nikachoka.

Jedwali hilo nimelichapa, na mwenyekiti wa kikundi kimoja cha akina mama, mteja wangu wa siku nyingi ambaye alimuuguza mkwewe hadi mwisho, amekubali kulipeleka kwenye mkutano wa kijiji Novemba, wakati wa kuibua vipaumbele. Alilisoma safu kwa safu akiwa amesimama kaunta, kidole kwenye karatasi. Saa hakuzipinga, bei hakuipinga. Aliuliza nauli ya bodaboda kwenda vitongoji vya mbali analipa nani. Nimeongeza mstari: zamu 20 kwa wiki, shilingi 2,000 kwenda na kurudi, wiki 16, jumla 640,000.